Nipe mji

Mchezo wa kwanza wa hadithi niliobuni ulikuwa na kurasa 11 za kanuni kwenye kaunta buku, na jahazi halikutoka bandarini.

Ilikuwa safari ya Lamu hadi Unguja wakati wa kaskazi. Kila mchezaji aliigiza mhusika: mmoja nahodha, mmoja mpishi, mmoja abiria mwenye mzigo ambao hataki uguswe. Mimi msimulizi. Kila jambo gumu lilitaka dadu mbili zitoe jumla ya 9 au zaidi. Nahodha, binamu yangu wa miaka 12, akarusha ili ang'oe nanga: 5. Akarudia: 7. Akarudia tena: 4. Mwishowe akaniuliza, "Kaka, hivi hili jahazi linaondoka lini?" akaenda zake barazani kucheza drafti ya vizibo.

Ningepiga hesabu mapema ningejua. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na zinazofika 9 ni 10 tu. Ila hata ningeshusha hadi 6, ugonjwa ungebaki uleule: ukikosa, umekosa, kaa usubiri zamu yako.

Tunaobuni michezo ya hadithi nyumbani, kwa penseli na karatasi, tunapenda mno kuongeza kanuni. Nadhani ni kwa sababu tunatazama vitabu vinene vya mchezo maarufu wa hadithi, Dungeons & Dragons tukidhani unene ndio mchezo. Mchezo wenyewe ulipotoka Marekani mwaka 1974 ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi.

Dawa yangu niliikuta kwenye vitendawili. Mtu akishindwa kutegua, haachwi hapo. Anaambiwa, "Nipe mji." Anajibu, "Chukua Mombasa." Mtegaji anauchukua, anaeleza alivyofika Mombasa wakampokea, akala akashiba, ndipo anatoa jibu. Kukosa kuna bei, bei ni mahali, na mahali panaleta kisa kipya. Sijaona kanuni tamu kama hiyo katika mchezo wowote wa dukani, na sisemi hivyo kwa kujipendelea.

Basi nikachana kurasa tisa. Sasa kila mchezaji anaandika kwenye karatasi yake vitu vitano vya mhusika wake: mtu, mahali, deni, chochote. Dadu zikikataa, simwambii ameshindwa. Namwambia "nipe mji", naye anakata kimoja na kunikabidhi. Jambo alilotaka linafanyika, ila kile alichotoa sasa ni changu, nakisimulia nipendavyo.

Mara ya kwanza kuijaribu, mpishi alitakiwa kudaka kamba wakati tanga linapigapiga. Dadu zikatoa 3. Akatazama karatasi yake, akasema, "Chukua Pemba." Nikasema: nimekwenda Pemba, nimekaribishwa kwa shangazi yako, nimekula pilau, na shangazi anauliza kwa nini ulitoroka siku ya harusi yako. Meza nzima ikalipuka. Kamba ilidakwa, jahazi likaenda, na kuanzia hapo kila bandari tuliyotia nanga mpishi alichungulia kwanza asije akakutana na shemeji zake. Habari ya harusi haikuwa imeandikwa popote. Ilizaliwa kwenye ile 3.

Vifaa ni vyepesi. Dadu zangu za ludo zilipopotea tulikata karatasi sita, tukaandika namba, tukazikunja na kuzitia kwenye kikombe. Unachomoa moja, unairudisha, unachomoa tena. Usiporudisha unaharibu uwezekano wa namba, maana 12 haiji kabisa. Vizibo vya soda nilivijaribu pia. Haviangukii kila upande sawasawa, nikaviacha.

Kasoro ipo moja ambayo bado sijaitatua. Yule binamu wa nanga amerudi mezani, na amegundua kwamba anayekosa ndiye anayesimuliwa zaidi. Juzi alipata 10, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, naweza kukupa mji hata hivyo?"