Gari Limetengenezwa na Bado Linachemsha? Hesabu Lita Kwanza

Pampu ya maji mpya, themostati mpya (mlango unaofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta), rejeta imeng'olewa ikazibuliwa, na kilomita chache baada ya kutoka gereji sindano ya joto inapanda kama zamani. Hapo ndipo yanapoanza maneno ya "tununue rejeta nyingine", na kabla wiki haijaisha yamefika "tufungue silinda hedi", yaani kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini. Msimamo wangu ni kwamba gari lililoanza kuchemsha, au lililozidi kuchemsha, baada ya mfumo wa kupoza kuguswa, lisinunuliwe kifaa chochote mpaka ijulikane ni lita ngapi zilimwagwa na ni lita ngapi zilirudishwa.

Swali hilo mafundi wengi hawalipendi kwa sababu hawakupima. Maji yalimwagika chini, ndoo haikuwekwa. Chukulia gari ambalo zilitoka lita 6. Fundi amefunga kila kitu, amemimina lita 4, rejeta imejaa hadi mdomoni, akashindilia kifuniko. Zile lita 2 zilizokosa nafasi zimeachia mahali pake hewa, na hewa hupanda juu. Juu ndiko iliko silinda hedi, ndiko ziliko bomba za hita, na kwenye injini nyingi ndiko ilikofungwa themostati. Yaani hewa imekwenda kukaa palepale panapohitaji maji kuliko mahali pengine popote.

Madhara yake hayafanani kwa kila gari, ndiyo maana watu hubabaika. Pampu ikimeza hewa huzunguka bila kusukuma kitu. Themostati nayo ina kidonge cha nta ndani yake kinachotanuka kikipashwa na maji ya moto. Kikizungukwa na hewa huchelewa kupata joto, mlango unabaki umefungwa huku hedi inaungua. Sensa ikiwa ndani ya pengo la hewa, sindano hucheza: inaruka juu, inashuka ghafla, inapanda tena. Sindano inayorukaruka hivyo usikimbilie kuiita mbovu. Washa hita uiweke kwenye moto wa mwisho. Ikitoa upepo wa baridi wakati injini inachemka, maji hayafiki kule juu. Ama yamepungua, ama hewa imeziba njia, ama pampu haisukumi.

Kutoa hewa si kazi ngumu, ila inataka subira. Injini iwe baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi kwa namna yoyote, maana maji yaliyobanwa kwa presha hulipuka kuwa mvuke mara tu presha inapotoka. Pua ya gari iinuliwe kuliko mkia, ili mdomo wa kujazia uwe sehemu ya juu kuliko zote. Hita iwekwe kwenye moto, kwa sababu kwenye baadhi ya magari vali yake hufunga maji yasipite ikiwa kwenye baridi. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, na nyingi hufichwa karibu na nyumba ya themostati au kwenye hozi ya juu, ifunguliwe mpaka yatoke maji matupu bila povu, kisha ifungwe. Mimina polepole, ukiminya hozi ya juu na ya chini kwa mkono. Utasikia mguno na kiwango kitashuka. Ongeza.

Kisha washa injini kifuniko kikiwa wazi, ukitumia faneli ndefu inayobana mdomo vizuri ili maji yasimwagike yakipanda. Usikanyage mafuta mwanzoni. Maji yakikaribia joto la themostati kufunguka, ambalo kwa injini nyingi ni kati ya nyuzi 80 na 90, kiwango kitadidimia ghafla na hozi ya chini itaanza kuwa moto. Hapo ongeza maji, halafu piga resi kidogo ifike mzunguko wa 2,000 hadi 2,500 na uachie, mara kadhaa. Endelea mpaka feni ijiwashe na kuzima mara mbili, povu likome na hita itoe upepo wa moto. Funga kifuniko, uiache injini ipoe, kesho yake asubuhi ufungue tena utazame. Karibu kila mara kuna pengo jipya la kujaza. Gari lenye chupa ya presha badala ya kifuniko juu ya rejeta hujaziwa hapo kwenye chupa, hadi alama ya kiwango cha mwisho cha juu, si hadi shingoni.

Povu lina lugha yake, na hapa ndipo pa kuwa makini. Povu la hewa iliyonaswa hutoka kwa fujo, linapungua, linakwisha. Povu lisilokwisha, linalotoka kidogokidogo bila kukoma na kuongezeka ukipiga resi, si la hewa iliyoingia wakati wa kujaza. Hiyo ni hewa ya moto kutoka ndani ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya hedi, ile shiti inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Ukiona pia hozi ya juu imekakamaa kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, hakuna kutoa hewa kutakakosaidia. Kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Yakinyonya hewa yenye moshi wa injini ya petroli hugeuka kuwa ya njano. Ni kipimo cha muda mfupi, na kinatakiwa kitangulie spana yoyote kugusa hedi.

Baada ya hewa, ninaishuku themostati, hata ikiwa mpya, kwa jinsi ilivyofungwa. Upande wenye springi na kidonge hutazama injini, kule maji ya moto yanakotoka. Ikigeuzwa, kidonge kinatazama maji ya baridi na mlango haufunguki kwa wakati. Nyingi zina kitundu chenye kipini kinachochezacheza. Hicho kikae juu kabisa, maana ndicho kinachopitisha hewa mlango ukiwa umefungwa. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiwa na kipimajoto, iking'inia kwa uzi bila kugusa chini. Yenye namba 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82 na iwe wazi kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Mpya zenye kasoro zipo, na dakika kumi za sufuria ni nafuu kuliko kufungua upya.

Kuhusu kuing'oa na kuitupa, hapo sina unyenyekevu: ni ushauri mbaya. Kwenye injini nyingi themostati ina sahani ya pili kwa nyuma. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta. Ikipata moto, mlango mkuu unafunguka na sahani ile ya nyuma inaziba mkato. Ukiing'oa, mkato unabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Gari litaonekana poa kwenye mwendo mwepesi, kisha lichemke mlimani likiwa na mzigo. Juu ya hayo, injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi, kwa kuwa kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada.

Tazama pia linachemsha wakati gani. Likichemka kwenye foleni na kupoa likikimbia, tatizo ni upepo, yaani feni. Plagi ya feni iliachwa nje, fyuzi au relei imekufa, kava linaloizunguka halikurudishwa, au nyaya za mota zimepishanishwa na feni inazunguka kinyumenyume, ikipambana na upepo wa mbele. Weka karatasi nyepesi mbele ya rejeta feni ikiwa inafanya kazi: inatakiwa inaswe na kung'ang'ania pale. Ikipeperushwa, geuza nyaya. Kwa magari mengi, kuwasha kiyoyozi kunaiamsha feni, hivyo huna haja ya kusubiri joto lipande ndipo uijaribu.

Likiwa poa foleni na kuchemka kwenye mwendo au mlimani, tatizo ni maji kutopita ya kutosha. Pima rejeta kwa kipimajoto cha miale, kile kinachosoma joto bila kugusa, mstari kwa mstari. Sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Mara nyingi kilichoziba ni silikoni iliyopakwa kwa ukarimu kwenye nyumba ya pampu, ikamenyeka ndani na kusafiri, au ni unga wa kuziba matundu uliowekwa zamani. Hozi ya chini nayo iangaliwe mtu mwingine akipiga resi: ikibonyea na kunywea, imelegea au springi ya ndani haikurudishwa, na pampu inanyonya kutoka kwenye mrija uliojikunja. Mkanda ukipitishwa vibaya pampu huzunguka kinyume, kosa ambalo huonekana kwa kuulinganisha tu na mchoro uliobandikwa chini ya boneti.

Kifuniko hudharauliwa kwa udogo wake. Maji matupu huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari. Chini ya presha ya nyongeza ya bari 1 huchemka karibu na nyuzi 120. Kifuniko chenye mpira uliokakamaa kinakunyang'anya nyuzi hizo 20, na ukipanda nyanda za juu, ambako maji huchemka mapema zaidi, unazikosa pale unapozihitaji. Namba iliyopigwa juu yake, 0.9 au 1.1, ifuatwe. Kikubwa kuliko kinachotakiwa hupasua hozi na rejeta ya plastiki.

Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, isiyochanganywa haipozi vizuri zaidi. Inabeba joto kidogo kuliko maji, hivyo nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi ndiyo kipimo cha kawaida, na ile iliyochanganywa kiwandani haiongezwi maji tena.

Na kama kweli hedi ilifunguliwa, ulizia mambo matatu. Je, uso wake ulipimwa kwa rula iliyonyooka na filageji, vile visahani vyembamba vya kupimia pengo? Injini iliyochemka sana hupinda hedi, na pengo la sehemu chache za mia za milimita linatosha kupitisha hewa ya moto. Je, bolti za aina ya kuvutika, zile zinazorefuka zikikazwa, zilibadilishwa? Na gasketi ilikaa upande sahihi? Ikigeuzwa, matundu ya maji ya nyuma ya bloku hufunikwa, na kila kitu nje kitaonekana kizima: pampu inasukuma, rejeta ni safi, hita ina moto, huku silinda ya mwisho ikiungua peke yake.