Magari ya Mississippi

Ukiwaona mara ya kwanza utadhani ni kikundi cha ngoma. Wasichana wa chuo wamevaa waridi na kijani, miguu inakanyaga kwa mpigo mmoja, mara mmoja anapiga ule ukelele wao, "skee-wee!", na wenzake wanaitikia. Nami nilidhani hivyo, nikawadharau kidogo. Hawa ni Alpha Kappa Alpha (AKA), udugu, yaani chama, wa wanawake weusi wasomi wa Marekani ulioanzia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908. Kamala Harris alijiunga na tawi hilo hilo la kwanza, la Howard, mwaka 1986.

Kilichonifunga mdomo ni habari ya Mississippi. Mwaka 1935 Dk. Dorothy Ferebee aliongoza wanachama wenzake kwenda kutibu familia za wakulima maskini wa huko. Treni zilikuwa za ubaguzi, kwa hiyo walisafiri kwa magari yao wenyewe. Walipofika, wenye mashamba ya pamba wakakataa kuwaachia wafanyakazi wao waende kliniki. Unafanyaje hapo? Walipakia chanjo na dawa kwenye magari yale yale, wakawafuata watu huko huko mashambani, huku wasimamizi wakiwazunguka juu ya farasi, bastola kiunoni. Waliwachanja watoto ndui na dondakoo. Wakarudi kiangazi kilichofuata, na kingine, hadi 1942.

Wenzao wa Delta Sigma Theta nao hawakuanza kinyonge. Wanafunzi 22 wa Howard waliuanzisha udugu huo Januari 1913, na Machi wakawa barabarani Washington wakidai wanawake wapige kura, katika maandamano ambayo weusi walitakiwa wakae nyuma.

Sasa niseme linaloniudhi. Siku hizi picha zinatangulia kazi. Unaona wanachama wa tawi fulani wamejipanga nyuma ya maboksi ya vyakula, fulana zimepigwa pasi, na maboksi yenyewe unayahesabu kwa vidole. (Ada ya kujiunga nayo si haba, mtoto wa maskini anaifikiria mara mbili.) Mimi nauliza swali moja tu: mwezi uliofuata mlirudi? Matawi yanayofundisha watoto hisabati kila Jumamosi, mtaa ule ule, mwaka mzima, hayo nayavulia kofia hata kama sijawahi kuona picha yao.

Tena uanachama hauishi siku ya mahafali. Ukimaliza chuo unahamia tawi la wahitimu, na utaitwa "soror", yaani dada, hadi uzeeni. Siku moja ya uchaguzi nilimkuta bibi mmoja, koti la waridi, funguo mkononi, anasoma karatasi yenye majina ya wazee wasio na usafiri. Nikamuuliza kama ni wa AKA. Alicheka, akanionyesha gari lake: linabeba wanne, akasema, na hiyo ilikuwa safari yake ya sita.