Kama hela ni kidogo, usianze na dambeli

Mtu anayetaka kuanza mazoezi ya nguvu nyumbani huku mfuko umetoboka huwa na swali moja: ninunue dambeli za kilo ngapi? Jibu langu huwaudhi wengi. Usinunue. Si kwamba vyuma vina ubaya. Tatizo ni kwamba zile dambeli mbili za kilo 5 ambazo wengi huanza nazo zinatosha kwa mazoezi machache ya mabega tu, na kwa mapaja, makalio na mgongo, ambako ndiko iliko misuli mikubwa, ni kama kubeba hewa. Muda si mrefu zinaishia kuzuia mlango usijifunge.

Kinachojenga nguvu ni mzigo unaoongezeka kidogo kidogo. Jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akitibu wanajeshi waliojeruhiwa magoti. Desturi ya wakati huo ilikuwa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi. Yeye akawapa uzito mkubwa, marudio machache, na kila walipoweza akaongeza. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mipango mingi ya mazoezi ya leo bado imesimama juu ya wazo hilo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si una kifaa gani, bali wiki ijayo utaongeza nini.

Na mwili wenyewe una mengi ya kuongeza. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wako, yaani mtu wa kilo 70 anasukuma karibu kilo 45. Akiweka magoti chini, mzigo unashuka hadi karibu nusu ya uzito wake. Akishika ukingo wa meza badala ya sakafu unapungua zaidi, na akipandisha miguu kwenye kiti unaongezeka. Asiyeweza pushapu hata moja aanzie ukutani, ahamie mezani, kisha kwenye kiti, kisha chini. Hakuna aibu yoyote hapo.

Miguu nayo ina ngazi zake. Chuchumaa na kusimama. Ikiwa rahisi, tanguliza mguu mmoja mbele na ushuke hadi goti la nyuma likaribie sakafu. Baadaye weka mguu wa nyuma juu ya kiti. Kisha vaa begi la mgongoni lenye vitabu. Mizani huihitaji: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, na hauchezi humo ndani. Dumu lililojaa nusu linakuyumbisha ovyo; wapo wanaolisifia kwa sababu hiyohiyo, mimi linanikera.

Penye shida ya kweli ni mgongo, na hapa ndipo mipango mingi ya nyumbani inapodanganya. Sakafu inakuruhusu kusukuma, haikuruhusu kuvuta. Mtu anapiga pushapu miezi mingi, kifua kinajaa, lakini mgongo umebaki vilevile. Unaweza kuinama na kuvuta begi zito kuelekea kiunoni, mgongo ukiwa umenyooka. Unaweza pia kulala chini ya meza imara, ukashika ukingo na kujivuta mpaka kifua kikaribie ubao. Nasema imara: si ya kioo, si ya plastiki, na uijaribu kwa kuining'inia kidogo kabla ya kuiamini.

Ndiyo maana hela ya kwanza ikipatikana, ningenunua bomba la kujivutia juu kuliko kitu kingine chochote. Usiyeweza kujivuta, panda juu ya kiti, shika bomba kidevu kikiwa juu yake, kisha jishushe taratibu. Kushuka polepole kunajenga nguvu hata kabla hujaweza kupanda. Kabla ya kulifunga mlangoni, hakikisha fremu haitikisiki.

Ratiba isikusumbue. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Mimi napendelea 3, zenye siku ya kupumzika katikati: zoezi la kusukuma, la kuvuta na la miguu, seti 2 au 3 kila moja, seti ikiwa ni marudio ya mfululizo bila kupumzika. Koma pale unapohisi yamebaki marudio mawili hivi kabla ya kushindwa kabisa. Pumzika dakika 2 kati ya seti, kwa saa, si kwa kukisia. Usibane pumzi unaposukuma, na mwenye shinikizo la damu, mimba au jeraha azungumze na daktari kwanza.

Programu za simu zinazobadilisha mazoezi kila siku sizipendi. Zinachangamsha, sikatai, ila huwezi kujua kama umeongezeka nguvu ikiwa leo hufanyi ulichofanya juzi. Daftari la shule linatosha: tarehe, zoezi, marudio, uzito. Wiki za mwanzo namba zitapanda na kioo hakitaonyesha kitu, kwa sababu mwanzoni ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuamsha misuli uliyonayo. Wengi huacha hapo wakidhani hawana vifaa vya kutosha. Maumivu ya siku moja au mbili baadaye pia si kipimo. Yakipungua haina maana zoezi limeacha kufanya kazi.

Njia hii ina kikomo. Mizigo myepesi inakuza misuli ikiwa unafika karibu na kuchoka kabisa, lakini anayetafuta nguvu kubwa kabisa atahitaji uzito mkubwa, na miguu ndiyo itakayolalamika kwanza, pengine baada ya mikanda ya begi kuanza kuachia nyuzi. Hapo sasa tafuta vyuma, na vilivyotumika vinatosha. Kutu ya juu unaisugua. Kagua nondo kama imepinda na vibano vinavyoshika sahani za uzito kama vinakaza, na uchukue vya kuongeza sahani, si vile vya uzito mmoja usiobadilika.