Aprili 1942 Bahari ya Hindi: je, meli za kubeba ndege ndo ziliua manowari za mizinga?

Stori tunayoizoea ni kwamba meli za kubeba ndege zilipokuja tu, manowari kubwa za mizinga zikafa, mjadala umeisha. Mi naona ni kweli ila kuna sehemu inaachwa, na inaonekana vizuri zaidi kwenye bahari yetu hii ya Hindi kuliko Pearl Harbor, kambi ya meli za Marekani kule Hawaii, ambako kila mtu anakimbilia.

Iko hivi. Tarehe 5 Aprili 1942 Admirali Nagumo wa Japani alikuja na meli 5 za kubeba ndege akapiga Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo). Muingereza naye, chini ya Admirali Somerville, alikuwa na manowari 5 za mizinga, zote za enzi za vita ya kwanza na nne kati yake kongwe hazijaboreshwa sana, mizinga yake inchi 15, chuma cha kutisha kabisa, lakini ile mizinga mwisho wake kilomita 20 na ushee wakati ndege ya Mjapani inaruka kilomita 300 na zaidi inapiga na kurudi, sasa utampigaje mtu ambaye hata moshi wa meli yake huuoni? Siku hiyo hiyo meli mbili za kivita za Muingereza za aina ndogo zaidi (cruiser), Dorsetshire na Cornwall, zilikutwa baharini hazina ndege ya kuzilinda, zikashukiwa na ndege zaidi ya 50 na nusu saa haikuisha zote mbili ziko chini. Zile kongwe nne zikarudishwa Kilindini, Mombasa, zikawa za kulinda misafara ya meli pwani ya Afrika Mashariki. Hapo hoja ya wanaosema mizinga iliisha ina nguvu sana, sibishi.

Ila tarehe 9 Aprili Wajapani wakazamisha Hermes, na Hermes ilikuwa meli ya kubeba ndege! Siku hiyo haikuwa na ndege hata moja, kwahiyo haikuwa na cha kujitetea zaidi ya mizinga midogo. Alafu kumbuka Prince of Wales na Repulse, meli kubwa za mizinga za Muingereza zilizozama Desemba 1941 karibu na Malaya, ndege zilizoziua zilitoka viwanja vya nchi kavu Indochina (Vietnam ya leo). Kwahiyo kilichoshinda ni ndege. Meli ni kiwanja, faida yake ni kwamba kinahama, na kwenye bahari kubwa kama Pasifiki hiyo sio faida ndogo, kiwanja cha nchi kavu hakiwezi kukufuata mpaka Hawaii.

Sasa sehemu inayoachwa ni macho. Meli za Nagumo hazikuwa na rada, na pamoja na ubabe wote ule kikosi kikuu cha Somerville hakukiona siku zote hizo, ndo maana kilipona. Na tarehe 9 hiyo hiyo ndege 9 za Muingereza aina ya Blenheim zilitoka Ceylon zikafika juu ya Akagi, meli ya Nagumo mwenyewe, bila Akagi yenyewe kujua mpaka mabomu yanaanguka majini pembeni ya meli! Yalikosa. Hilo lilikuwa onyo kubwa mno na halikufanyiwa kazi.

Miezi miwili baadaye, Juni 4, kwenye vita ya kisiwa cha Midway huko Pasifiki, kitu kile kile kikajirudia ila safari hii mabomu hayakukosa. Ndege za ulinzi za Kijapani zilikuwa zinaruka chini karibu na maji zinamaliza ndege za torpido (kombora la kupita majini) za Wamarekani, huku ndege za mabomu zinaingia kwa juu, na ndani ya meli kuna ndege zimejaa mafuta, mabomu na torpido vimezagaa. Dakika chache tu, Akagi, Kaga na Soryu zinawaka, jioni Hiryu nayo ikapigwa. Bomu moja tu ndo liliiharibia Akagi kabisa, manowari ya mizinga isingekufa kwa bomu moja la hivyo.

Wanaojibu kwamba Marekani alilitatua hilo kwa rada wana haki, meli zake za aina ya Essex hakuna hata moja iliyozama vitani. Lakini Machi 1945 Franklin, mojawapo ya hizo hizo, ilipigwa na ndege moja tu ya Kijapani iliyopenya, ndege zake ziko sitahani zimejaa mafuta na mabomu, wakafa watu zaidi ya 700.