Maganda ya .30-06 kwenye Arisaka: kukata au kununua?

Bunduki ya Kijapani Arisaka Aina ya 99, iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1939, ilifika Marekani kwa wingi mikononi mwa askari waliorudi kutoka vita vya Pasifiki. Bunduki zipo mpaka leo; risasi zake za 7.7x58 ndizo adimu. Norma ya Uswidi na Prvi Partizan ya Serbia hutengeneza maganda halisi, lakini si kila mwezi utayakuta dukani. Ndiyo maana wengi hukata maganda ya .30-06, risasi ya kawaida ya Kimarekani, ili yawe ya 7.7; huko yamejaa kila uwanja wa shabaha.

Hoja ya wakataji ina msingi. Vitako vya maganda hayo mawili vinakaribiana kiasi kwamba komeo, chuma kinachofunga nyuma ya risasi, hushika ukingo bila kurekebishwa chochote. Tofauti kubwa ni urefu: milimita 63 dhidi ya 58, na bega la 7.7, yaani pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingo, limekaa chini zaidi. Ganda hung'olewa fataki kuukuu (kiwashio cha kitakoni), huoshwa, hukaguliwa nyufa, hupakwa mafuta na kusukumwa ndani ya dai ya 7.7, kalibu ya chuma inayolipa ganda umbo. Mafuta yakipungua ganda linang'ang'ania ndani ya dai. Yakizidi yanabonyeza bega. Shingo inayobaki hukatwa kwa msumeno wa meno madogo, ikiachwa milimita moja ya ziada ya kusawazishia, kisha mdomo hulainishwa ndani na nje.

Dai iteremshwe robo mzunguko kwa robo mzunguko, na ganda tupu lisilo na fataki lijaribiwe kwenye chemba, tundu la bunduki linalopokea risasi, kila hatua. Mahali pa kusimama ni pale komeo linapofunga kwa kubana kidogo. Bega likishushwa kupita hapo, ganda hupata nafasi ya kuvutika risasi inapolipuka, na hukatika juu kidogo ya kitako. Waya mwembamba uliopindwa ncha, ukipitishwa ndani ya ganda lililokwisha kutumika, hugusa mfereji wa mkatiko huo kabla haujaonekana kwa nje.

Lakini umbo ndiyo sehemu rahisi. Penye hatari ni shingo. Sehemu ya shingo mpya ilikuwa bega la ganda la zamani, na shaba ya hapo ni nene zaidi. Shingo nene ikijaa chemba haina pa kutanukia ili kuachia kichwa cha risasi, na shinikizo hupanda hata baruti ikiwa ya kiwango. Pima kwa maikromita: shingo ya risasi iliyojazwa iwe nyembamba kuliko shingo ya ganda lililofyatuliwa kwa angalau milimita 0.05. Kipimo cha haraka ni kudondosha kichwa kipya ndani ya ganda lililotoka kufyatuliwa; kisipoingia chenyewe, shingo ichongwe. Vichwa viwe vya kipenyo cha milimita 7.90 hivi, kama vya .303 ya Uingereza, si 7.82 vya .30-06.

Shaba iliyofinywa huwa ngumu na shingo hupasuka mapema, kwa hiyo shingo na bega hupitishwa kwenye moto mfupi, kitako kikiwa kimesimama ndani ya maji. Kitako kikilainika, ganda hilo ni la kutupa.

Upande wa wanunuzi una hoja ambayo wakataji huipita haraka mno: maandishi ya kitako. Ganda lililokatwa bado linasema .30-06. Likiingia kwenye bunduki ya .30-06 litakaa huru kwa kuwa ni fupi, huku kichwa chake kikiwa kinene kuliko mtutu. Kupaka kitako rangi na kutenga masanduku kunasaidia, mradi sanduku lisihamie kwa mtu mwingine. Isitoshe, chemba nyingi za wakati wa vita ni pana, na ganda la .30-06 huvimba kidogo juu ya kitako.

Kwa anayefyatua risasi 20 au 30 kwa mwaka, naona kukata ni kujisumbua: maganda 50 halisi, yakitunzwa, yatamfaa miaka mingi. Anayefyatua mengi, au aliyekosa ya kununua, akate, lakini achague maganda ya kiraia ya kiwanda kimoja. Ya kijeshi mara nyingi yana kuta nene zinazopunguza nafasi ya baruti, na fataki zake hubanwa, hivyo tundu huhitaji kupanuliwa kwanza. Baruti ianzie kiwango cha chini kabisa cha jedwali la vipimo vya baruti la 7.7 lenyewe; jedwali la .30-06 halihusiki hapa.

Na kabla ya yote hayo, fundi aikague bunduki. Zilikuwepo Arisaka za mafunzo, za chuma cha kusubu na mtutu usio na mifereji, zilizotengenezwa kwa risasi baridi tu, yaani zisizo na kichwa. Hizo zisitiwe risasi ya moto ya aina yoyote, iwe ya ganda la kukata au la kununua.