Vimeletwa Tu

Jumamosi moja nilisimama kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza bidhaa zake kwenye kona moja ya Posta, Dar es Salaam. Chini ya rundo la vitabu vya shule na majarida ya mitindo kulikuwa na juzuu nene la sheria za Tanganyika za 1962. Mgongo wake umeliwa na mende. Ndani kuna mhuri wa maktaba ya ofisi moja ya umma, mhuri wa kuingizwa. Wa kuondolewa haupo. Nikamuuliza, "Hiki kimetoka wapi?" Akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Vimeletwa tu, kaka."

Vimeletwa. Sarufi yetu inaruhusu jambo litendwe na mtendaji asitajwe, na kumbukumbu nyingi za nchi zetu zimepotelea humo humo. Nilitoa elfu saba, nikaondoka nacho kwapani kama mwizi.

Njiani nikawa namkumbuka ndugu yake mmoja wa mbali, kitabu cha sheria vilevile, kilichouzwa kwenye mnada wa Christie's mjini New York tarehe 22 Juni 2012. Madalali walikikadiria dola milioni 2 hadi 3. Kikaenda kwa dola 9,826,500. Ndani yake hakuna siri yoyote: ni sheria zilizopitishwa na Bunge la kwanza la Marekani mwaka 1789, pamoja na Katiba yao na mapendekezo ya marekebisho ambayo mengi yake yalikuja kuitwa Sheria ya Haki. Maneno yenyewe unayapata bure kwenye intaneti ukiwa kwenye daladala. Kilichouzwa siku ile ni jibu la swali nililomuuliza yule kijana wa Posta.

Nakala ile ilikuwa ya George Washington mwenyewe. Kwenye jalada la ngozi imepigwa chapa ya dhahabu, "President of the United States". Juu ya ukurasa wa kwanza kuna sahihi yake, na kwa ndani imebandikwa karatasi yenye nembo ya ukoo wake. Ila kinachonisisimua mimi ni penseli. Kwenye pambizo za Katiba, pale panapozungumzia kazi ya rais, Washington aliweka mabano na kuandika maneno mafupi mafupi: rais, mamlaka, anatakiwa. Fikiria hali ilivyokuwa. Hakuna mtu aliyewahi kuwa rais wa nchi ile kabla yake, hakuna wa kumuuliza, hakuna faili la mtangulizi. Basi mzee anakaa na kitabu na penseli kama mwanafunzi wa kidato cha nne usiku wa kuamkia mtihani, anatenga anachoruhusiwa na anacholazimika. Neno "anatakiwa" ndilo ninalolipenda zaidi. Kiongozi anayepigia mstari mamlaka yake si habari. Anayepigia mstari wajibu wake, huyo nitamlipia nauli nikamwone.

Lakini penseli haina sahihi. Mtu yeyote anaweza kuchora mabano kwenye kitabu cha zamani na kusema ni ya Washington. Kinachoyafanya mabano yale yaaminike ni silsila. Waliosoma madrasa wanaijua kazi hii: hadithi haipokewi kwa utamu wa maneno yake tu, unaulizwa fulani aliipokea kwa nani, na huyo naye kwa nani, na kama kati yao kuna asiyejulikana mnyororo umekatika. Wauzaji wa vitabu adimu hufanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wanalipwa.

Silsila ya kitabu hiki inaanzia Mount Vernon, Virginia, nyumbani kwa Washington. Washington alifariki Desemba 1799 akiwa ameandika wosia kwamba vitabu vyake viende kwa mpwa wake Bushrod Washington, jaji wa Mahakama ya Juu. Bushrod akafariki 1829, vitabu vikaendelea kugawanyika ndani ya ukoo na kuuzwa kidogo kidogo. Fungu kubwa liliishia kwenye maktaba ya Boston Athenaeum mwaka 1848. Hiki chetu kilibaki kwenye ukoo hadi kilipopigwa mnada mwaka 1876. Kikapita mikononi mwa tajiri wa magazeti William Randolph Hearst, baadaye kwa mkusanyaji Richard Dietrich, na kutoka kwenye mkusanyo wake ndiko kilikofikia mnada wa 2012. Mnunuzi alikuwa chama cha kina mama kinachoitunza nyumba ya Mount Vernon tangu karne ya 19. Kitabu kikarudi nyumbani.

Hapo wengi hupiga makofi, na mimi nilipiga. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka 1821 huyo huyo Bushrod, mrithi wa vitabu, aliuza watu 54 waliokuwa watumwa pale Mount Vernon, wakapelekwa Louisiana. Hao nao wana wajukuu na vitukuu. Kitabu kimoja kinafuatiliwa mkono kwa mkono kwa zaidi ya miaka 200, na binadamu waliotoka kwenye ua ule ule jamaa zao wanahangaika kutafuta walau jina la pili. Simlaumu aliyekitunza kitabu. Nasema tu kwamba silsila hutunzwa kwa kile ambacho mwenye nguvu anaogopa kukipoteza.

Huku kwetu tumeyaona. Wakoloni wa Kiingereza walipofunga virago, baadhi ya mafaili walichoma, mengine wakayapakia na kuondoka nayo. Kwa miaka mingi serikali yao haikukiri kwamba yapo. Ilikiri mwaka 2011, wazee wa Kenya walipokuwa mahakamani London kudai haki kwa mateso waliyofanyiwa enzi za Mau Mau: mafaili kama 8,800, ya makoloni 37, Tanganyika ikiwemo, yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko huko Uingereza. Mwaka 2013 waathirika 5,228 wakakubaliwa fidia. Mafaili yale nayo yangeweza kusemewa "yamepelekwa tu", na kwa miaka 50 ndivyo ilivyokuwa. Bahati nzuri, waliopeleka walikuwa na tabia ya kuandika hata wanachoficha.

Ndiyo maana sikubaliani na rafiki zangu wanaosema asili ya kitabu ni mchezo wa matajiri. Tajiri anailipia kwa sababu bei inapanda. Maskini anaihitaji kuthibitisha kwamba kitu kilikuwa chake.

Jumatatu nililibeba lile juzuu hadi kwenye ofisi iliyotajwa kwenye mhuri, nikitaka kulirudisha au walau kuuliza. Mlinzi alilitazama, akanitazama. "Mzee, hapa hatununui vitabu." Nikaeleza. Akaniambia maktaba ilishakuwa stoo, na mwenye stoo yuko likizo.

Basi liko kwangu kwa sasa. Kwenye ukurasa wa mwanzo, chini ya mhuri wao, nimeandika kwa penseli tarehe, mahali nilipolinunua, bei, na siku niliyojaribu kulirudisha. Kwenye nafasi ya aliyeniuzia nimeandika: muuza vitabu, kona ya Posta, naye aliletewa. Mbele ya hapo nimeacha mstari mtupu.