Tuna Nani Mafia?

Dafu la kwanza nililokunywa baada ya kuwa mbali na Dar es Salaam kwa miezi kumi na sita nililinunua kwenye ufukwe wa Dadonghai, mjini Sanya, kusini kabisa mwa kisiwa cha Hainan, huko Uchina. Muuzaji alilichonga juu kwa panga, akatia mrija, akanikabidhi. Tulikuwa wanafunzi wanane tuliotoka Guangzhou, na wenzangu walipomaliza maji wakataka kuyatupa madafu yao. Niliwazuia. Nikaomba yapasuliwe, nikachonga kijiko kwenye ganda kama wanavyofanya wauza madafu wetu wa Kariakoo, nikawaonyesha namna ya kukomba ile nyama laini ya ndani, na nikawaeleza kwamba kwetu tunda hili hubadilika jina kadiri linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, mpaka liwe nazi. Kwa robo saa ile nilijiona mwenyeji wa pwani zote za dunia.

Ndipo mwenzetu wa Zambia, ambaye asubuhi ile alikuwa ameiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaniuliza bila nia yoyote mbaya: ninyi watu wa Dar es Salaam, visiwani kwenu huwa mnakwenda kupumzika mara ngapi kwa mwaka?

Mimi ni mzaliwa wa Mbagala. Magari ya Nyamisati, kunakopandiwa boti ya kwenda Mafia, huondokea Rangi Tatu, mwendo wa miguu kutoka kwetu, na tangu utotoni nimewasikia wapiga debe wakiwaita abiria wa safari hiyo. Sijapanda hata siku moja. Unguja nimefika mara mbili, ya kwanza kwa harusi ya binamu yangu na ya pili kwa msiba, na mara zote mbili bahari niliitazama kupitia dirisha la boti, nimeshika sufuria ya watu mapajani. Nilipokuwa kidato cha nne nilimwomba mama twende Mafia wakati wa likizo. Alinitazama kwa mshangao usio na hasira, akasema, "Mafia? Tuna nani Mafia, mwanangu?" Mazungumzo yaliishia hapo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba lile lilikuwa jibu kamili.

Hainan hatukuwa na mtu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na mjomba, shemeji wala mtani kule. Tulichanga yuan 200 kila mwezi kwa miezi mitano, tukamchagua mweka hazina, tukaandika majina ya waliotoa na waliochelewa kutoa, na mwezi Januari, kabla ya msongamano wa Mwaka Mpya wa Kichina, tukapanda treni ya usiku. Inapofika kwenye Mlangobahari wa Qiongzhou, unaotenganisha Hainan na bara, wenye upana wa kilomita zipatazo 30, treni hukatwa vipandevipande na mabehewa husukumwa ndani ya meli, abiria wakiwa bado wamelala vitandani mwao. Mimi niliyekua na pantoni ya Magogoni sikuweza kulala. Nilisikiliza vyuma vikifungwa chini yetu nikatamani kila mtu wa Kigamboni angekuwapo.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ya meli hiyo ni watu niliowakuta ufukweni. Wengi walikuwa Wachina wenyewe, tena wazee, waliokimbia baridi ya majimbo ya kaskazini. Kwa lugha yao huwaita wazee hao ndege wahamao. Bibi mmoja alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, amesimama majini huku amemshika mjukuu mkono, na hakuna kitu kingine alichokuwa akifanya. Mzee mmoja wa Harbin, mstaafu wa kiwandani, alituambia kwamba kule hakuwa na ndugu wala jamaa; alikuja kwa sababu kuna joto. Kisiwa hichohicho zamani kilikuwa mahali pa kuwapeleka waliokosana na mfalme, na mshairi mashuhuri Su Dongpo alihamishiwa huko mwaka 1097 kama adhabu. Kwa hiyo hata Wachina hawakuzaliwa na desturi ya kwenda Hainan kupumzika. Walijifunza.

Na wamejifunza wakiwa na nafasi ndogo kuliko yetu. Sheria yao humpa mfanyakazi ambaye hajatimiza miaka kumi kazini siku 5 tu za likizo ya mwaka yenye malipo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa siku 28 mfululizo. Hata ukiondoa Jumamosi na Jumapili, tunabaki na 20. Tunazitumia vipi siku hizo? Tunasimamia fundi kule Chanika. Tunafuatilia hati ya kiwanja. Tunalala hospitalini na mgonjwa. Wengine huomba walipwe fedha badala ya kuondoka, kisha hujisifu kwamba mwaka wa nne huu hawajachukua likizo.

Ninajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba nimefika Uchina na sasa ninawaona wenzangu washamba. Naomba nieleweke: sikuona Sanya kitu ambacho pwani yetu haina, isipokuwa majengo marefu ya hoteli, ambayo sikuyapenda. Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Kati ya Oktoba na Machi, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja mpaka karibu na Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, na watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kuogelea naye. Haya yote ninayajua kwa kusoma. Niliyasoma Guangzhou, usiku uleule tuliporudi, mimi ambaye ningeweza kwenda kwa miguu mpaka kituo cha gari la Nyamisati. Hilo ndilo linaloniuma, wala si majivuno.

Itasemwa pia kwamba watu hawana chakula nami ninazungumzia visiwa. Mama yangu aliuza vitumbua kwa miaka kumi na tisa. Sihitaji kukumbushwa hali ilivyo. Sisemi na anayewasha moto saa kumi za alfajiri ili watoto wale. Ninasema na sisi tuliofanya kazi za mshahara na ambao simu zetu zimejaa makundi ya kamati za harusi. Nilipiga hesabu ya mwaka wangu wa mwisho kabla ya kuondoka: harusi saba, pamoja na sendofu, kichen pati na vitambaa vya sare, jumla shilingi 620,000. Safari yote ya Hainan, nauli, malazi na madafu, iligharimu yuan 1,000, ambazo kwa viwango vya wakati ule hazikufika laki nne. Michango ya msiba na ya matibabu siigusi. Ndiyo inayotufanya tuwe watu, na huku ugenini nimeona jirani akifa bila kuchangiwa hata jeneza. Lakini ukumbi unaopambwa kwa saa sita na kubomolewa kabla ya jogoo kuwika, kwa nini uwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ilhali mama aliyeinamia jiko miaka kumi na tisa hana kamati ya kumpeleka akakae chini ya mnazi kwa siku tatu?

Mtu mwingine ataniambia kwamba sisi hupumzika Desemba, tunapokwenda kijijini. Ndugu yangu, kijijini tunakwenda kuhesabiwa. Unafika na sukari, vitenge na bahasha, unasuluhisha ugomvi wa shamba, na wahenga walishatuambia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni wajibu mzuri, nami nitautimiza maadamu ninapumua, ila tusiuite mapumziko.

Hoja moja ninaikubali, nayo ni kwamba fukwe zetu hazikutufundisha kujiona wageni wanaokaribishwa. Siku moja, mimi na wenzangu watatu wa kazini tulikwenda kwenye hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa jiji, tumevaa vizuri, fedha tunazo, na mlinzi wa getini akatuuliza, "Mnamtafuta nani?" Kila nikikumbuka swali lile nasikia ndani yake sauti ya mama. Yule mlinzi naye, Mswahili mwenzetu, hakuweza kuamini kwamba tumekuja bila kuwa na mtu. Hata hivyo, bahari yetu haiishii kwenye geti la hoteli. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinaonekana kwa macho kutoka bara, na boti za kwenda huko zipo. Nauli ya mwananchi kwenda Unguja iko chini sana ya ile anayotozwa mgeni. Na kwenye boti ya Kilindoni hakuna anayeuliza unakwenda kwa nani.

Mdogo wangu anaolewa mwakani. Mchango wangu nimekwisha kuutuma kwa mweka hazina, kamili, kabla ya wenzangu wengi mlioko hapo mjini. Kiasi kama hicho nimekiweka kando kwa jina la mama, kwa ajili ya mwezi wa Oktoba nitakapokuja, nikamweleza kwamba tutapanda gari Rangi Tatu na kwamba Mafia hatuna mtu, na hatutamtafuta. Alinyamaza siku mbili. Jana ameniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Katika dakika tatu za mwanzo anauliza nyumba itabaki na nani, kuku watalishwa na nani, na shangazi ataambiwa tumekwenda kumwona nani. Katika dakika ya mwisho anauliza kama ile boti ina mahali pa kukaa mtu mwenye magoti mabovu, na kama maji ya kule ni ya kina, kwa maana yeye angependa kuingia mpaka magotini tu.